Vidonge vya Pumu vya Kijiji Kizima

Sintamei, Bibi Zuena kanisimulia sasa hivi na bado siamini!

Mwaka sabini na tano, kijiji cha ujamaa, Handeni. Zuena anapura mahindi ya shamba la pamoja, vumbi linaamsha pumu, kifua kinalia filimbi. Anatoa vidonge alivyoandikiwa hospitali Korogwe.

Mwenyekiti Mhina akampokonya! "Ndugu, hapa hakuna mali ya mtu mmoja!" Akagawa kimoja kimoja kwa wapuraji wote, naye akameza chake. WOTE! Watu wenye mapafu mazima kama mvukuto wa mhunzi!

Haikupita saa, dawa ikawapanda, mioyo ikawadunda, mikono ikawatetemeka. Mhina kashika kifua: "Jamani nakufa!"

Zuena, aliyeambulia kimoja kama wenzake, alingoja mpaka pumzi ikamrudia. Akamwinamia. "Ndugu mwenyekiti, dawa tumeshagawana. Haya, na pumu yenyewe tuigawe, tuanzie kwako?"