Mutoto wa Franck na Jina ya Kwetu

Kindu, tarehe 11 mwezi wa tano 2025

Mupendwa yaya, dada yangu Marceline,

Jambo sana. Uko muzima? Magoti inakuumiza bado? Watu wa Butembo munalalaka? Huku tunasikiaka tu vita, vita. Mi niko. Mugongo inakatala, lakini kila asubui niko ku port, nashusha magunia.

Franck wangu alizaa mwanaume. Wa kwanza. Ako na miezi sita sasa. Nilichelewa kukuandikia juu ya woga.

Unajua, kwetu hatutafutake jina. Mwanaume wa kwanza ni Paluku, mi wa ine ni Kakule. Huku muntu akisikia Paluku, anajua: hawa walitoka Kivu. Na sasa radio kila siku ni wakuyakuya, wakuyakuya, ni kusema sisi wa kuja: wamejaa, wamekamata soko. Mi niko hapa miaka makumi tatu. Bado wananihesabu mule.

Juma iliyopita tulikuwa tunapumuzika ku port, radio inalia. Muntu akapiga simu kwa emisio: "Wakuyakuya warudi kwao! Sisi wazaliwa tumechoka!" Donatien, tunabebaka naye mizigo, akacheka: "Uyu kijana ana kichwa!"

Yaya, ile sauti ilikuwa ya Franck.

Nilimuuliza ku nyumba. Akasema: "Papa, mi nabebaka watu ku pikipiki. Nikinyamaza, watasema na mi ni wa kule." Na mutoto alimuandikisha Florentin tu. Kinande, luga yetu, amekataza, hata mu nyumba.

Sikumugombeza. Wakati ya vita, Kindu ilipofungwa, nilijifanya bubu miezi saba, juu wasisikie Kinande mu sauti yangu. Askari wakiuliza, marehemu Odette, mama ya Franck, anajibu kwa Kirega, luga ya huku, ati bwana yangu hasemake. Franck alikuwa mudogo, anaangalia. Mi njo nilimufundisha.

Sasa sikia kosa yangu. Franck na bibi yake wakienda soko, nabaki na mutoto. Namuitaka mu sikio: Paluku. Jana nilimuita toka mulangoni. Akageuza kichwa, akacheka.

Nikafunga mulango. Siku moja muntu ataita Paluku mu barabara, naye atageuka.

Niache? Wewe njo mukubwa, sema. Lakini ukinijibu, ile jina usiiandike.

Salimia Jessica na shemeji Bruno. Mungu awafiche ninyi wote.

Mudogo wako, anakupenda,
Kakule