Faili Lililokuja kwa Jina Lako

Mume wangu mdogo,

Huna haya wewe! Simu ya bibi yako huipokei, basi utasoma. Na usiniambie una kazi nyingi. Hata mwizi ana kazi nyingi. Hujambo lakini? Mkeo na mtoto hawajambo? Mimi mzima, ila magoti tu. Mdogo wako hajambo ya mdomoni. Hali, halali, anafagia ua uliokwisha kufagiwa.

Ya zahanati umeyasikia nusu. Asubuhi ile alikuwa pale mapokezi, benchi limejaa wagonjwa, akafungua faili lililotumwa kwenye mashine. Ukatokea ukurasa mtupu. Akaufunga, akaendelea na kazi. Kabla ya adhuhuri kadi zote za wagonjwa zilizomo kwenye mashine zikagoma kufunguka, hata barua zilizoingia zikafungika. Kwenye kioo likabaki tangazo la watu wasiojulikana, wanataka walipwe ndipo wafungue.

Nilimuuliza fundi wao wa kompyuta, karatasi inaambukizaje mashine? Akacheka. Nikamwambia ajibu kwanza, kucheka baadaye. Akasema juu ya faili unaona ukurasa tu, ndani yake imefichwa amri. Programu inayolifungua ikiwa na tundu, amri inapenya hapo hapo, haipigi hodi. Wenye programu walishatoa kiraka, tena bure, lakini mashine ya mapokezi haikutiwa. Kila siku kesho, kesho. Wazembe wakubwa.

Sasa sikia. Yule mama fundi cherehani aliyekushonea sare zako zote za shule alifika mchana ule, homa imempanda, hajui hata anachojibu. Kadi yake ilikuwa na onyo kwamba penisilini haipatani na mwili wake. Kadi haikufunguka. Wakamchoma sindano ya hiyo hiyo. Mpaka leo hajaamka, anapumua kwa mpira, na wanawe wanapita mlangoni kwangu bila salamu. Nitawalaumu vipi?

Mdogo wako amesimamishwa kazi. Polisi wanamwita kila mara, na akiulizwa faili lilitoka kwa nani, anasema hakumbuki. Watu wameshaanza kusema kalipwa. Mtoto niliyemlea mimi, alipwe!

Jana nikambana jikoni, nikamwambia hatoki mtu hapa. Akalia, akasema lilitoka kwako. Ndiyo maana hakujiuliza mara mbili. Cha kaka mkubwa katika nyumba hii hakiulizwi. Akasema mashine yako ya dukani iliugua mapema, ikawa inawatumia watu mafaili kwa jina lako, nawe unajua, ukanyamaza wateja wasikukimbie. Halafu siku ile ile ukampigia, ukamsihi asikutaje.

Kulituma hukulituma kwa mkono wako, nakubali. Lakini ulijua. Mficha maradhi kifo humuumbua, ila wewe umeficha maradhi, kifo kinamnyemelea mama wa watu, na aibu umemtwika mdogo wako.

Msalimu mkeo, umbusu mtoto. Barua hii nampa dereva akukabidhi mkononi, usije ukasema haikufika. Ni mimi bibi yako, ninayekupenda mpaka nakutukana. Zima mashine hiyo sasa hivi. Wapigie wote uliowahi kuwaandikia, mmoja mmoja, wasifungue chochote chenye jina lako. Kisha panda gari la kwanza, usipite kwangu, nenda moja kwa moja polisi ukaseme kwa mdomo wako mwenyewe.