Picha Uliyoiondoa Machoni

Mpendwa baba,

Shikamoo. Naanza hivyo kwa sababu nakujua: barua isiyo na shikamoo ungemrudishia mwenyewe bila kuisoma, hata kama ni ya binti yako wa pekee, na hata kama uko mahali ambako posta haifiki.

Sisi ni wazima. Duka la mapazia lipo palepale Katesh, mama bado anakata vitambaa kwa mkasi wako ule wenye mpini mweusi, na bado hataki mtu mwingine aushike. Mjukuu wako Rukia ana miaka minne na ana pua yako. Pua hiyo ndiyo iliyoleta ugomvi ninaotaka kukusimulia.

Kila mgeni akiingia anasema, "Huyu kachukua pua ya babu yake." Mtoto akasikia, akasikia tena, mwisho akaniuliza, "Mama, kama mimi nimechukua pua ya babu, yeye amebaki na nini?" Nikacheka. Kisha nikataka kumwonyesha babu mwenyewe, nikatazama ukutani. Saa, kalenda yenye picha ya msikiti, basi. Uliishi na sharti moja, kwamba sebuleni kwako hapatundikwi picha ya kiumbe, na ulilishika mpaka ukaondoka. Hata ya harusi yenu iko sandukuni chini ya mashuka.

Nikatafuta, nikapata ile ndogo uliyopigwa kwa ajili ya kadi ya bima, umekunja uso kwa sababu mpiga picha alikukataza kupepesa macho. Nikaipeleka studio ikakuzwa, nikatia fremu. Nilipokuja na nyundo na msumari, mama akasimama mbele ya ukuta.

"Baba yako alisemaje kuhusu picha?"

"Alikataza, mama."

"Na sasa amekufa ndiyo ameruhusu?"

Nikashusha nyundo. Fremu ikaenda kukaa kabatini katikati ya vitambaa, uso chini, miezi mitatu. Nilikukasirikia, baba, nakwambia ukweli. Nilikuwa nimeanza kukusahau. Kofia naiona, ndevu naziona, lakini macho yako yalikuwa yananipotea, na kila nikijaribu kuyakumbuka yanakuja macho ya baba mdogo. Niliogopa kwamba Rukia atakua bila kukujua na mimi nitazeeka bila kukukumbuka, kwa sababu ya ukuta mtupu.

Hapo ndipo nilipoukumbuka ukuta mwingine.

Nilikuwa kidato cha pili, likizo. Ulikuwa umeanguka na pikipiki ukienda Hirbadaw kupima madirisha ya mteja, ukapelekwa hospitali ya Haydom, ukarudi na mguu mmoja ndani ya hogo jeupe la plasta mpaka pajani, na amri ya daktari kwamba usiukanyagie. Wewe, mtu aliyekunywa hata chai akiwa amesimama! Siku ya tatu ulikuwa umeshagombeza kila kilichomo nyumbani, kuku wakiwemo. Siku ya nne zamu ikawa yangu.

"Unachezea nini simu yangu tangu asubuhi?"

Nikakuonyesha lile gemu la vitofali. Unakata mti, unachimba jiwe, unajenga nyumba yako, kila kitu kwa vipande vya mraba. Ukaitazama nyumba yangu kwa makini, ukasema, "Dirisha pana namna hii, pazia la kulitosha utalitoa wapi?" Kuanzia hapo simu haikurudi mikononi mwangu ila kwa kuomba.

Picha zilianza kwa sababu ulisema sebule imepooza. Katika gemu lile picha huitengenezi kwa rangi. Unapanga vijiti vinane kuzunguka kipande kimoja cha sufu, unapata picha. Kwa hiyo sufu ilitakiwa, na mimi nilikuwa naipata kwa kuua kondoo. Ulinikaripia kama vile wana damu. "Mkasi upo, unachinja ya nini?" Tukachimba chuma, tukatengeneza mkasi, ukakata manyoya ya kondoo wako wa kwanza, ukafurahi kuliko siku uliyouza mapazia ya ukumbi mzima.

Mzee Safari wa Gendabi, rafiki yako tangu ujana, alikuja kukupa pole siku hiyohiyo. Akainama kwenye simu, akatikisa kichwa.

"Kondoo wa wapi hawa? Mkia mmewapelekea wapi?"

Kweli, kondoo wa kwake wanaburuta mkia wa mafuta nyuma, na manyoya yao hayatoshi hata soksi moja. Ukamjibu bila kucheka, "Hawa ni wa kisasa, mzee. Mafuta yote yamegeuka manyoya."

Shida ni kwamba gemu lile halikuulizi unataka picha gani. Unatundika, lenyewe linatoa lipendayo. Ya kwanza kutoka ilikuwa ya fuvu la kichwa, imejaa ukuta mzima. "Astaghfirullah! Toa!" Nikaibandua, nikatundika upya. Wakatoka watu wawili wanapigana. "Toa!" Mzee Safari, ambaye kwake ukutani pana watakatifu wote na harusi za watoto watatu, alicheka mpaka akakohoa. Tulibandua na kutundika mpaka likatoka shada la maua. "Hiyo iache," ukasema, ukajifuta jasho.

Kesho yake ukagundua jambo ambalo mimi, mwenye gemu, sikuwahi kuligundua. Picha inafuata nafasi. Ukiziba pembeni kwa vitofali ukaacha upenyo mdogo, fuvu lile kubwa haliwezi kutokea kwa sababu haliingii. "Ni kama pazia," ukaniambia, "dirisha ndilo linaloamuru." Ukaanza kupima kuta za kwenye simu kwa kuhesabu, ukiwa na futi yako ya kupimia shingoni kama uko dukani. Yale majuma ndiyo niliyokaa nawe karibu kuliko wakati wowote mwingine. Ningependa yarudi, na hogo lake.

Kisha nikaharibu. Ulikuwa umefunguliwa hogo, unajifunza kutembea na fimbo. Chumbani kwangu kwenye gemu nilitundika picha, ikatoka ya mtu amesimama kilimani peke yake, ameshika fimbo. Nikakukimbilia. "Baba, huyu ni wewe! Angalia fimbo!"

Hukucheka. "Mimi unanitundika ukutani?"

"Si chumbani kwangu? Si gemu tu?"

Nilikujibu kwa sauti ambayo mtoto hamjibu nayo baba yake, na mama aliyekuwa jikoni akaniita kwa jina langu lote. Asubuhi yake ulinipa simu mwenyewe. "Ile picha nimeiondoa machoni," ukasema, ukaenda zako na fimbo yako.

Nikasikia "nimeiondoa". Nilinuna. Sikuingia tena katika nyumba ile, nikajenga dunia nyingine, peke yangu, na wewe hukuniomba kucheza tena. Shule ikafunguliwa. Hatukuizungumza tena, baba, si pale, si nilipoolewa, si siku zile za mwisho ulipokuwa unanishika mkono na mimi natafuta la kusema.

Sasa sikia. Mwezi uliopita niliitoa simu ile kwenye droo ya cherehani. Kioo kimepasuka, lakini ilikubali chaji. Nilitaka tu kuiona sebule yako na maua yake. Yapo. Nikapita mpaka chumbani kwangu, nikaona kimefupika. Mimi ni mtoto wa mpima madirisha, nilihesabu: chumba nilichokijenga kwa vitofali tisa kilikuwa na saba. Na ukuta wa mwisho haukuwa wa mbao kama nilivyouacha. Ulikuwa wa sufu nyeupe, kuanzia chini mpaka juu.

Nikatoa kipande kimoja. Nyuma yake palikuwa na uwazi wa hatua moja, na nyuma ya uwazi, mtu wa kilimani na fimbo yake.

Hukuibandua. Uliiwekea pazia. Ulikata manyoya ya kondoo wangapi kuujaza ukuta ule, na mguu ulikuwa bado unakuuma? Miaka yote hii nilidhani nimenyang'anywa, kumbe nimetunziwa. Uliniambia kwa Kiswahili chepesi kabisa, mimi ndiye niliyekata sentensi yako katikati. Nisamehe, baba.

Nikampelekea mama simu. Aliishika mbali na uso, kama anavyosoma bila miwani.

"Hii nyeupe ni nini?"

"Sufu, mama. Baba aliifunika ile picha ya mtu wa fimbo. Hakuitoa."

Aliisogeza simu karibu. Kisha akauliza, "Alizidisha upana mara mbili?" Nikamwambia hapana, kwenye gemu hakuna mikunjo. "Basi aliona haya," akasema. "Pazia lisilo na mikunjo, yeye?" Akaanza kulia, na mimi nikalia.

Akainuka, akaitoa fremu kabatini mwenyewe, akaipima. Akakata kipande cha kile kitambaa cha kijani ulichokuwa hutaki kimalizike, mara mbili ya upana kama ulivyotufundisha, akapinda, akapitisha waya. Msumari nilipigilia mimi, na si sebuleni, ni chumbani kwangu, ukuta usioelekea kibla. Mimi si sheikh, na kama tumekosea Mungu atusamehe. Lakini hiyo njia tumeiona kwako.

Rukia alipofunguliwa pazia mara ya kwanza alikutazama sana, akajishika pua. "Kumbe hata yake amebaki nayo," akasema. Kuanzia siku hiyo kila akiamka anauliza kama babu naye ameamka. Na jana nilirudi kutoka dukani nikamkuta mama yuko mbele yako, pazia limefunguliwa, anakusemea kwamba mimi nakata kitambaa upande upande. Ni uongo, usimsikilize.

Macho yako nimeyapata. Ni ya kahawia, na la kushoto ni dogo kidogo. Nilikuwa nimesahau hilo la kushoto.

Naishia hapa, baba. Adhana ya alasiri inaanza, na leo zamu ya kulivuta pazia likufunike ni yangu. Tukishaswali tutakufungua.

Binti yako uliyemwachia futi,
Mama Rukia