Mchezaji Asiyekaa na Mpira

Garissa,
Agosti 1966

Kwako Kaka Mwakio,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila homa ya wiki iliyopita imeniachia mdomo mchungu hata chai naiona shubiri. Mgongo wa Mama umepoa? Na huyo mwanao mchanga, ameanza kulala au bado anawakesheza? Barua yako ilifika na msafara wa Jumanne. Siku hizi hakuna lori linalothubutu kuja huku peke yake. Hungojana, askari mbele na nyuma, kwa hofu ya mashifta, wale waasi wa mpakani, na mabomu ya kutegwa barabarani. Basi usinilaumu nikichelewa kujibu.

Umeniuliza swali letu la siku zote: ni nani mchezaji bora wa mpira wa kikapu niliyewahi kumwona. Jibu unalolitaka nalijua. Unataka niseme ni yule Mgoa, karani wa Mombasa, tuliyempachika jina la Sindano, aliyekuja na wenzake kutuadhibu pale misheni mpaka padri akasahau kupuliza filimbi. Kweli Sindano alikuwa fundi. Alitia bila kugusa chuma, na ule wavu aliotusukia Mama kwa mkonge haukupata kutulia. Lakini kaka, nimebadili mawazo, na usinune kabla hujanisikiliza.

Hapa tuna timu. Ni makarani, mpiga chanjo mmoja, walimu wawili na polisi mmoja, karibu wote wageni kama mimi. Nguzo zetu ni mabomba ya maji, chuma cha kikapu ni pete ya pipa, na uwanja ni udongo mgumu ulio nyuma ya ofisi ya mifugo ninakofanya kazi ya ukarani. Walinifanya kapteni kwa sababu niliwaambia nimefundishwa na wewe. Usivimbe kichwa.

Mchezaji ninayemsema anaitwa Abdi. Ni Msomali wa upande wa Wajir, mpiga chanjo ya mifugo katika ofisi yetu. Mpaka mwaka jana alikuwa hajawahi kuugusa mpira wa kikapu. Katika mechi nne za kwanza alitia kikapu kimoja tu, tena cha bahati. Mpira ukimfikia haukai. Kabla hujapepesa umeshakwenda kwa mwingine, na mara nyingi huyo mwingine hata hakutazamwa. Wenzangu wakanung'unika kwamba Abdi anauogopa mpira. Nami, kapteni mzima, nikamwamuru aushike, audunde kwanza, atazame kikapu. Alitii. Siku hiyo tulifungwa na wajenzi wa barabara, watu tuliozoea kuwafunga huku tukicheka.

Baadaye nilimuuliza alijifunzia wapi kurusha vile.

"Kisimani, walaal," akasema. Walaal ndiyo ndugu kwa Kisomali. "Kwetu kisima iko refu. Watu nasimama ndani, moja juu ya mwingine, mbaka juu. Ndoo ya ngozi natoka chini, narushwa, nashikwa, narushwa. Wewe nakaa na ndoo, watu wote nasimama, ngamia nalia. Kukaa na ndoo ni aibu kubwa."

Nilitamani ardhi inimeze. Mtu amelelewa katika kazi ambayo kushika kitu kwa kitambo ni kuwanyima wengine maji, halafu mimi namwambia ashike! Nikaifuta amri yangu, nikawaambia wenzangu wakae tayari mikono juu, maana hawatajua mpira unatoka wapi. Kuanzia hapo tulishinda mechi sita mfululizo. Mmoja wa walimu wetu, mnene asiyeweza hata kuruka kijiti, akawa anatia vikapu hadi akaanza kutembea kwa maringo sokoni.

Ndipo nilipolielewa kosa la padri. Unakumbuka alivyokutoa kwenye fainali akamwingiza mpwa wa chifu, eti kwa kuwa ni mrefu na wewe hufungi? Tulihesabu vikapu vya kila mtu, tukasahau kuuliza mpira ulifikaje pale. Sisi mashabiki ndivyo tulivyo: aliyetia tunambeba mabegani, aliyempa hatulijui hata jina. Sindano aling'aa yeye. Abdi anawafanya watu wanne wa kawaida wacheze kuliko walivyo. Kwangu mimi amempita, na ukitaka kubishana, bishana kwa barua ndefu.

Sasa nikuambie linaloniuma, maana wewe ndiye wa kuniambia ukweli.

Mwezi wa sita askari wa kambini walitualika kucheza kwao. Afisa wao alitaka orodha ya majina, na chini yake nitie sahihi kwamba nawadhamini wote. Alisoma majina, akafika kwa Abdi, akaweka ncha ya kalamu pale.

"Huyu unamjua vizuri?"

Kaka, huku sasa Msomali ni shifta mpaka athibitishe si shifta. Watu wananyang'anywa mifugo, jamaa nzima zinakusanywa katika vijiji vyenye seng'enge, na anayeonekana nje bila kibali hana wa kumtetea. Nami Abdi nilimjua vizuri, kwa kuwa tunakula chakula cha mchana pamoja kila siku. Lakini niliogopa. Nikasema, "Nitamwacha, afande." Kisha nikaenda kumwambia Abdi kwamba nimemtoa kwa sababu hafungi. Nilimdanganya kwa maneno yale yale ya padri. Katika mechi hiyo tulichapwa vibaya, na haki yetu.

Polisi wa timu yetu, aliyekuwa nami mbele ya afisa, alikuja kumwambia ukweli. Abdi hakugomba. Aliendelea kunisalimu kila asubuhi, ila tangu siku hiyo, badala ya walaal, ananiita "karani."

Majuma mawili baadaye alipewa ruhusa kwenda Diff, huko mpakani, kumwona mama yake anayeumwa. Wakati wa kurudi alisimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani. Kibali alikuwa nacho, lakini wakamuuliza ni nani Garissa anayeweza kumdhamini. Akasema hakuna. Wakamshikilia siku tisa, hadi mkubwa wetu wa ofisi alipoona siku za ruhusa za Abdi zimekwisha, akaanza kuuliza, akampata.

Nilimwendea nyumbani kwake siku aliyoachiliwa. Alikuwa amekonda, na kisigino kimoja kina kidonda. Nikamuuliza kwa nini hakunitaja.

"Wewe naandika fizuri sana," akasema taratibu. "Lakini jina yako kwa mbira ulikataa. Kwa bunduki utakubali?"

Nilikaa nikaona haya, nikanywa chai yake ya maziwa, nikaondoka.

Jumatatu hii afisa alileta habari ya mechi ya marudiano, ichezwe kambini Jumamosi. Nikaandika orodha nyingine, jina la Abdi likiwa la kwanza, nikatia sahihi. Afisa aliniambia waziwazi, "Akifanya lolote, nakuja kukuchukua wewe." Nikamjibu sawa. Usidhani nimekuwa shujaa.

Nikampelekea Abdi nakala. Kidonda chake kimeanza kukauka na kukimbia anaweza. Aliisoma pole pole, akaweka kidole juu ya sahihi yangu.

"Mimi nafanya makosa, wewe nafungwa?"

"Ndiyo."

Akaikunja, akanirudishia. "Toa jina yangu. Mimi iko na mama, na wewe iko na mama. Mbira si kitu ya kufungwa."

Nimwambie nini mtu wa namna hiyo? Nilimwomba radhi kwa uongo wangu, kwa neno hilo hilo, uongo. Akaitikia kwa kichwa tu.

Nisalimie Mama, umwambie dawa aliyonitumia ya majani nimeimaliza. Msalimie dada yetu Wakesho na mumewe, na shemeji mkeo, na mjomba wa Voi ambaye bado anadai mpira wa kikapu ni mchezo wa wanawake. Mwambie aje huku tumjaribu. Askari anayekusanya barua za msafara ameshafika kizingitini, ndiyo maana mwandiko unakimbia.

Jina la Abdi sikulitoa. Mchezaji wetu wa akiba, mrefu kuliko wote, ameniomba mara mbili acheze badala yake, nami nimemkatalia mara mbili. Jumamosi tutaingia uwanjani, na kama Abdi hatakuwa amekuja, tutaanza mchezo tukiwa wanne.

Ni mimi mdogo wako,
Mghanga