Ncha ya Pili ya Uzi

Moshi, Jumapili

Mdogo wangu Mwantum,

Assalaam alaykum. Huku tu wazima. Goti la mama limetulia, na mvua imeshuka mpaka Chekereni.

Wale wanafunzi wa usanifu wa grafiki bado wanakusifu. Ulipokuja chuoni kuwafundisha, hukujua kwamba nami nilikuwepo, nimekaa nyuma kabisa. Ulionyesha picha ya bango la bucha la Mzee Fahad ukasema, "Hii ndiyo kazi yangu ya kwanza." Wakakupigia makofi. Mwantum, bango lile nililichora mimi! Wewe ulishika kopo la rangi tu.

Kisha ukataka kuwaonyesha baba alivyokuwa akipiga mstari ukutani kwa uzi uliopakwa unga wa mkaa. Mwanafunzi akakushikia ncha ya pili, ile niliyokuwa nikimshikia baba. Mara tatu mstari ukaenda upande, wakaanza kucheka. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Halafu nikakuona unaangaza macho ukumbini, kama uliyejua nipo. Nikainama haraka, nikajifanya nafunga kamba za viatu.

Nilikuwa nimevaa ndala.

Kaka yako,
Shakiru