Ndugu wa Ng'ambo ya Mpaka

Tunduma,
9 Julai 1954

Mpendwa dada Fides,

Pokea salamu zangu na za baba. Miili yetu ni mizima, namshukuru Mungu. Wewe, shemeji Yonasi na watoto mwaendeleaje? Ulezi mmekwisha vuna?

Dada, nakuandikia nikiwa na hasira, usiushangae mwandiko.

Unajua nilitajwa kuwa karani wa barua za siri kwa Bwana Shauri, yule Mzungu msaidizi wa mkuu wa wilaya. Mwezi uliopita aliniita, akaniuliza nina nani upande wa Rodesia. Sikuficha. Nilimwambia umeolewa huko, na marehemu mama alituachia shamba huko kwao. Akasema mwenye dada na mali chini ya serikali nyingine hawezi kuaminiwa siri za serikali hii, tena shemeji yangu huonekana kwenye mikutano ya Kongresi, chama cha Waafrika kinachoipinga serikali ya huko. Mimi, ambaye sijapoteza hata bahasha! Mpaka wameuchora wao, wakamkuta bibi yetu analima pande zote mbili. Na Bwana Shauri mwenyewe, mama yake na nyumba yake viko Ulaya. Nani amewahi kumuuliza moyo wake uko wapi?

Basi nilikata tamaa. Mara, juma lililofuata, nikaambiwa kazi ni yangu. Nilifurahi sana, na baba akachinja jogoo.

Juzi Efraimu, tarishi wetu, ndiye aliyenifumbua macho. Baba alikwenda kwa Bwana Shauri, akashika Biblia, akaapa kwamba wewe si mwanawe. Kwamba mama aliolewa akiwa na mimba yako, na shamba ni lako peke yako, hivyo mimi sina ndugu wala mali huko. Nilipomuuliza baba, hakukana. Alisema damu haifutwi kwa maneno, ila kazi hupotea kwa maneno. Dada, nilimfokea baba yangu mzazi, majirani wakisikia. Amemvunjia mama heshima kaburini!

Leo asubuhi nimemwambia Bwana Shauri kiapo kile ni uongo. Akaniuliza kama najua ninachokitupa. Nikamjibu, "Najua, Bwana. Yule ni dada yangu." Amenifukuza kazi palepale. Baba hasemi nami.

Nimetaka uyasikie kwangu kabla hayajakufikia kwa watu wa sokoni. Jumamosi ya juma lijalo nitavuka na jembe langu, tulime shamba la mama. Wabusu watoto, na shemeji mwambie asiache mikutano.

Ni mimi nduguyo, wa baba mmoja na mama mmoja,
Kefa Kasiani