Njia ya Ng'ombe Kule Kaptagat

Chebet, yule ndama wetu aliyepotea amerudi mwenyewe, na wewe bado uko Nairobi? Huna aibu. Baba yako hajambo. Jirani ndiye anayeniandikia barua hii, na anacheka.

Unauliza kama msitu wa Kaptagat una njia ya baiskeli isiyo na magari. Iko. Nikiwa msichana, mama alinipa baiskeli ya kaka yangu nipeleke maziwa kwenye lori. Lori likikuacha, maziwa yote yameharibika. Nikapita njia ya mkato, mawe matupu, kilima kikanishinda katikati. Nilikuwa karibu kulia ng'ombe wa jirani walipopita, wakizunguka kilima polepole kati ya miti, hakuna hata mmoja anayehema. Nikawafuata nikiendesha. Lori nililikuta linanguruma tayari.

"Wewe msichana, umeruka?" dereva akaniuliza.

Mpaka leo najiuliza nani aliwaonyesha ng'ombe pale pa kupitia. Njia ingali pale, inaendelea mbali ndani ya msitu, lakini mimi niliishia kwenye lori.

Ukija Desemba, lete baiskeli yenye kiti imara cha nyuma. Nataka kuona njia hiyo inafika wapi.

Bibi yako, Kogo